Jinsi ya kusoma takwimu za uhalifu za kijiji bila kumwonea mtu

Tulikuwa chini ya mwembe, mkutano mkuu wa kijiji, mtendaji akisoma taarifa ya robo mwaka. Akafika kwenye ulinzi na usalama: "Uvunjaji wa nyumba umeongezeka kwa asilimia 150." Watu wakaguna. Kabla mkutano haujafungwa, mzee mmoja alishakitaja kitongoji wanakoishi wachoma mkaa waliohamia mwaka juzi, na usiku ule vijana wa ulinzi walikwenda huko kugonga milango.

Kesho yake nikaomba nilione daftari. Robo iliyotangulia zilivunjwa nyumba mbili. Robo hii, tano. Na kati ya hizo tano, tatu zilivunjwa usiku mmoja, nyumba zilizopangana, wenyewe wakiwa wamekwenda kulala msibani kijiji cha pili. Asilimia 150 ilikuwa hesabu sahihi kabisa. Lakini nyuma yake palikuwa na usiku mmoja na mwizi aliyejua kwamba watu wako msibani. Wale waliogongewa milango mpaka leo hakuna aliyewaomba radhi.

Mwongozo huu ni kwa mtendaji, kwa mjumbe wa kamati ya ulinzi na usalama, na kwa mwanakijiji yeyote anayetaka kuuliza swali la maana taarifa ikisomwa. Nimeuandika nikiwa na kijiji cha Tanzania akilini. Hesabu zake zinafanya kazi popote penye watu wachache, hata kwa chifu na kamati za Nyumba Kumi kule Kenya. Unahitaji kalamu, karatasi, na simu yenye kikokotoo.

Kwanza, jua unasoma daftari la nani

Kijijini uhalifu hauandikwi mahali pamoja. Kituo cha polisi kina kitabu cha matukio, na mlalamikaji huondoka na namba ya RB, yaani namba ya taarifa yake kitabuni. Ofisi ya mtendaji ina kauntabuku lake. Sungusungu au mgambo wanaweza kuwa na daftari la doria. Zahanati au kituo cha afya huwapokea majeruhi waliokuja na PF3, fomu ya polisi ya kutibiwa, na wengine waliokuja bila hata hiyo fomu. Kisha kuna yale yasiyoandikwa popote, yaliyomalizwa na wazee kwa faini ya mbuzi na debe la pombe.

Kila daftari linaona upande wake. La polisi linapungukiwa na kesi za watu walioshindwa nauli ya kufika kituoni. La mtendaji linapungukiwa na waliokwenda polisi moja kwa moja. La zahanati linaona kipigo lakini halioni kuku walioibwa. Kwa hiyo unapoambiwa "wizi ulikuwa matukio 9," swali la kwanza ni: kwa daftari lipi? Namba ya polisi ya mwaka jana ikilinganishwa na namba ya mtendaji ya mwaka huu, hapo hakuna ulinganisho. Nimeona taarifa zikifanya hivyo, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya: mtendaji mpya alirithi makaratasi ya mwenzake akayachukulia kuwa ni ya aina moja.

Kumbuka pia historia ya hayo madaftari. Sungusungu walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Usukumani na Unyamwezini, wizi wa ng'ombe ulipowashinda watu uvumilivu, na sheria ikawatambua mwaka 1989. Penye sungusungu wenye nguvu, kesi nyingi huishia kwao. Kijiji cha namna hiyo kinaweza kuonekana kimetulia sana kwenye vitabu vya polisi huku watu wake wakilala macho wazi.

Soma jina la kosa kabla ya kusoma namba

Jeshi la Polisi hugawa makosa katika mafungu makubwa matatu: makosa dhidi ya binadamu, makosa ya kuwania mali, na makosa dhidi ya maadili ya jamii. Ndani ya kila fungu, jina lina uzito. Aliyechukua baiskeli iliyoegeshwa amefanya wizi. Aliyemtisha mwenye baiskeli kwa panga akaichukua amefanya unyang'anyi, na wa silaha. Aliyebomoa ukuta usiku akatoa paneli ya sola amevunja nyumba. Kwa mazungumzo ya kawaida wote watatu ni "wezi," na mwandishi wa daftari akichoka atawaandika hivyo.

Kaa na daftari, soma mstari mmoja mmoja, uliza: nini hasa kilitokea hapa? Kwa kijiji chenye matukio 20 kwa mwaka kazi hii haimalizi nusu siku, na mjini hakuna mchambuzi anayeweza kuipata nafasi hiyo. Huo ndio utajiri pekee wa takwimu ndogo: unaweza kuzisoma zote.

Ukisoma hivyo utagundua pia kilichohesabiwa. Tukio ni moja, wahanga wanaweza kuwa wengi, watuhumiwa wengi zaidi, na kesi mahakamani ikawa moja au isiwepo. Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, katika ugomvi wa wakulima na wafugaji, watu zaidi ya 30 waliuawa katika shambulio moja. Ukihesabu waliouawa unapata mwaka wa kutisha. Ukihesabu matukio unapata moja. Namba zote mbili ni za kweli na zote zinahitajika, ila kila moja lazima itajwe kwa jina lake. Vivyo hivyo, "vijana 11 walikamatwa" haisemi kulikuwa na makosa 11. Huenda ni msako mmoja kwenye kilabu cha pombe.

Tafuta asili ya kugawia

Shuleni tulifundishwa sehemu ina kiasi, namba ya juu, na asili, namba ya chini inayogawa. Idadi ya matukio ni kiasi. Bila asili, yaani watu au vitu vilivyokuwa kwenye hatari, huwezi kulinganisha chochote.

Tuchukue kijiji cha kubuni chenye watu 3,200 na kaya 640. Kwa mwaka nyumba 8 zimevunjwa. Kinachovunjwa ni nyumba, basi gawia kaya: 8 ÷ 640 × 1,000 = 12.5 kwa kila kaya 1,000. Wizi wa ng'ombe ugawie idadi ya ng'ombe, au walau kaya zenye ng'ombe. Kupigwa au kujeruhiwa, gawia watu. Idadi ya watu ianzie kwenye Sensa ya 2022, kisha uliza kama kijiji kimegawanywa tangu hapo. Kijiji kikizaa kijiji kingine, daftari linaendelea na jina lilelile huku nusu ya watu wameondoka kwenye mpaka, na "uhalifu" unashuka kwa nusu bila mwizi hata mmoja kuacha kazi.

Kama kwenu kuna mnada wa mifugo, angalia siku. Siku ya mnada kijiji cha watu 3,200 kinaweza kubeba maelfu ya wageni. Wizi wa mfukoni wa siku hiyo haufai kugawiwa wakazi. Utoe pembeni, uwe na mstari wake: "siku za mnada."

Jihadhari na kiwango kwa watu 100,000, kinachopendwa na taarifa za taifa. Mauaji mamoja katika kijiji chetu cha watu 3,200 ni sawa na 31 kwa kila watu 100,000. Mwaka unaofuata, bila mauaji, ni sifuri. Namba inaruka kutoka kwenye majanga hadi peponi kwa sababu ya mtu mmoja. Msiba huo ulikuwa mkubwa, na kila mtu kijijini alimjua marehemu, lakini kiwango hicho hakiwezi kukuambia kama kijiji ni cha hatari. Kwa matukio adimu, taja idadi yenyewe na miaka: "mauaji mawili katika miaka kumi." Inatosha.

Idadi ndogo huyumba zenyewe

Hapa ndipo naomba msomaji akae nami kidogo, maana ndipo watu wengi huonewa.

Mwishoni mwa karne ya 19 mtakwimu Ladislaus von Bortkiewicz alikusanya rekodi za askari wa farasi wa Prussia waliouawa kwa teke la farasi. Alichukua vikosi 10 kwa miaka 20, jumla miaka-kikosi 200, yaani kila kikosi kwa kila mwaka. Vifo vyote vilikuwa 122, wastani wa chini ya kimoja kwa kikosi kwa mwaka. Lakini havikujipanga sawasawa. Mara 109 kikosi kilimaliza mwaka bila kifo. Mara 65 kilitokea kifo kimoja, mara 22 viwili, mara 3 vitatu, na mara moja vinne. Ukiwa mkuu wa kile kikosi cha vifo vinne ungetafuta wa kumlaumu: mtunza farasi, daktari wa mifugo, mchawi. Hesabu zilionyesha kwamba mtawanyo ule ndio hasa unaotarajiwa kutokana na bahati tupu, hatari ikiwa ileile kila mahali.

Uhalifu wa kijiji uko hivyohivyo. Hata kama hakuna kilichobadilika, mwaka huu utapata matukio 4, mwakani 8, mwaka wa tatu 3. Unajuaje basi kwamba mabadiliko ni ya kweli? Kuna kipimo ambacho hata mwanafunzi wa darasa la saba anakifanya:

1. Toa namba ndogo kwenye kubwa. Zidisha tofauti hiyo kwa yenyewe.
2. Jumlisha namba zote mbili. Zidisha jumla kwa 4.
3. Jibu la kwanza likiwa kubwa kuliko la pili, kuna dalili ya mabadiliko ya kweli. Likiwa dogo, namba hizo haziwezi kukuthibitishia kitu.

Turudi chini ya mwembe: nyumba 2, kisha 5. Tofauti ni 3, na 3 × 3 = 9. Jumla ni 7, na 7 × 4 = 28. Tisa haifiki 28. Ile asilimia 150 haikuwa na uzito wa kumtoa mtu kitandani.

Jaribu nyingine. Mwaka jana ng'ombe waliibwa mara 6, mwaka huu mara 18. Tofauti 12, na 12 × 12 = 144. Jumla 24, na 24 × 4 = 96. Mia arobaini na nne imepita 96. Hapa itisha kikao.

Kipimo hiki kina masharti mawili. Kwanza, matukio yawe yanajitegemea. Nyumba tatu za usiku mmoja zihesabu kama pigo moja unapopima, hata kama kwenye taarifa utaandika nyumba tatu. Pili, vipindi viwe na urefu sawa, robo kwa robo au mwaka kwa mwaka. Na ukipima makosa ya aina 20 kwa mpigo, tegemea kwamba moja hivi litavuka mpaka kwa bahati tu, kwa hiyo usilidake hilo moja ukaanza kupiga nalo kelele.

Sifuri nayo inadanganya. Kijiji kikipita miaka mitano bila unyang'anyi wa silaha, watu husema "kwetu hakuna." Kanuni inayotumiwa na watakwimu ni hii: ukiona sifuri, hatari halisi bado inaweza kufika matukio 3 kwa kipindi kama hicho. Vijana wa doria wasirudishwe nyumbani kwa ajili ya sifuri.

Rudi nyuma miaka mitano, na ulinganishe msimu na msimu wake

Chukua miaka mitano ikiwezekana. Chora jedwali kwenye karatasi moja: miezi 12 kushuka chini, miaka kwenda kulia, kila chumba kiwe na idadi. Usitumie rangi wala mashine, penseli inatosha. Katika dakika kumi utaona vitu ambavyo taarifa za robo mwaka hazikuonyeshi kamwe.

Utaona msimu. Mahindi huibwa yakikaribia kukomaa, hayaibwi Januari yakiwa magotini. Mikoa ya Mtwara na Lindi, minada ya korosho inapoanza Oktoba, pesa huingia mifukoni, na pamoja nayo pombe, ugomvi na wizi wa ndani. Kwenye pamba kalenda ni nyingine. Kiangazi mifugo huhama kufuata maji, na malalamiko ya kulishia mashamba na kupotea kwa ng'ombe yanapanda. Kwa hiyo robo ya Oktoba hadi Desemba uilinganishe na ileile ya mwaka jana. Ukiilinganisha na robo ya Julai unalinganisha msimu wa pesa na msimu wa ukata.

Uliza nini kimebadilika kwenye kuripoti

Namba ikipanda kweli, yaani imepita kipimo, bado hujafika mwisho. Namba ya daftari ni zao la vitu viwili: yaliyotokea, na yaliyosemwa. Linaweza kupanda lolote kati ya hayo.

Mfano ulio wazi ni ukatili wa kijinsia. Utafiti wa taifa wa afya wa 2015–16 ulikuta wanawake 40 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu wafikishe miaka 15. Sasa fungua daftari la kijiji. Utakuta mawili, matatu kwa mwaka, pengine hakuna. Hakuna kijiji kilichojitenga na nchi kiasi hicho. Kimya kilichomo humo kinatokana na aibu, na woga wa kufukuzwa, na mashemeji waliokuja kusema "yamalize nyumbani."

Sasa polisi wanapofungua Dawati la Jinsia na Watoto karibu, au mkaguzi wa kata anapopangiwa eneo lenu na akawa mtu wa kusikiliza, matukio yaliyoandikwa yanaweza kutoka 2 kufika 12 kwa mwaka mmoja. Fanya hesabu, utaona yamepita kipimo. Lakini wanawake 12 waliopata ujasiri wa kusema ni jambo la kushukuru. Mwenyekiti atakayesimama na kulalamika kwamba "kijiji kimeharibika" atawarudisha kwenye kimya.

Utatofautishaje? Linganisha na kosa ambalo watu huripoti siku zote: mauaji, na wizi wa pikipiki, maana mwenye pikipiki ya mkopo atakwenda polisi hata kwa miguu. Haya yakiwa yametulia huku mengine yamepanda, kuna uwezekano mkubwa kilichoongezeka ni kuripoti. Angalia pia tarehe ya tukio na tarehe ya kuandikwa. Ukiona mengi ni ya miezi au miaka iliyopita, watu wanatoa mizigo ya zamani. Kisha nenda zahanati uulize, bila kutaja majina, kama majeruhi wameongezeka.

Na kinyume chake kipo. Namba ikishuka ghafla, uliza kama mtendaji alikuwa likizo, kama kituo kidogo kilifungwa, au kama kuna mlalamikaji aliyekwenda akaambiwa atoe hela ya mafuta. Watu huacha kuripoti pale wanapoona hakuna faida.

Usipange vijiji kwa daraja

Wilayani hupenda orodha: kijiji cha kwanza kwa uhalifu, cha mwisho kwa uhalifu. Vijiji vidogo ndivyo vitakavyojaa juu na chini ya orodha hiyo, kwa sababu ndivyo vinavyoyumba zaidi. Badala yake jiulize: kama kijiji chetu kingekuwa kama wilaya nzima, tungetarajia matukio mangapi? Tuseme wilaya ya kaya 48,000 imeandikisha uvunjaji 300. Gawa 300 kwa 48,000, zidisha kwa kaya zetu 640: unapata 4. Tuseme mwaka huu nyinyi mna 7. Toa 4, inabaki 3, na 3 × 3 = 9. Hapa 4 ni matarajio, si tukio la pili, kwa hiyo zidisha hiyo peke yake kwa 4: 16. Tisa haijafika. Hamna sababu ya kuona aibu, wala ya kujisifu mkipata 2.

Njia nzuri zaidi ni kuunganisha. Vijiji vya kata moja vikikusanya madaftari yao, yenye safu zilezile, mnapata namba zenye miguu. Wezi wa ng'ombe hawajui mpaka wa kijiji, na kosa huandikwa lilikoripotiwa, pengine si lilikotokea. Mkiweka pamoja ndipo mnaona kwamba ng'ombe wote walipitia njia moja ya mtoni.

Linda watu walio nyuma ya namba

Mjini "ubakaji: 1" haimtaji mtu. Kijijini inamtaja. Ukisoma "ubakaji 1, mtoto wa shule, kitongoji fulani," umemsimamisha binti yule mbele ya mkutano. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, lakini hata isingekuwepo, ubinadamu ungetosha. Kwa makosa ya aina hiyo, usitoe namba iliyo chini ya tano kwa kitongoji wala kwa mwezi. Ijumlishe kwa mwaka, au kwa kata, au ndani ya "makosa dhidi ya binadamu." Maelezo kamili yabaki kwa wanaoshughulikia kesi.

Ulinzi uleule wape wanaoshukiwa. Safu ya "kabila" au "mgeni/mwenyeji" iondoeni kwenye daftari. Nimejaribu kufikiria kazi yake ya kweli, sikuipata. Ninachojua ni kwamba ikiwepo, itajazwa kwa kubahatisha, halafu itasomwa kama ushahidi.

Kuisoma mkutanoni

Mkutano mkuu hukaa kila miezi mitatu, na watu wamechoka, jua kali. Sema namba yenyewe kabla ya asilimia, na chini ya matukio 20 asilimia iache kabisa. Taja daftari. Taja mwaka uliopita na wastani wa miaka mitano. Sema unachokijua kuhusu namna yalivyotokea, kisha sema linalofanyika.

Kwa ile robo yetu, ningependa mtendaji angesoma hivi: "Ndugu wananchi, kwa daftari la ofisi hii, nyumba tano zimevunjwa robo hii. Robo iliyopita zilikuwa mbili. Tatu kati ya hizo tano zilivunjwa usiku mmoja, wenyewe wakiwa msibani. Kwa idadi ndogo kama hii hatuwezi kusema wizi umeongezeka, na hatuna ushahidi juu ya kitongoji chochote. Kamati inapendekeza kila panapotokea msiba wa kulala nje, balozi apewe majina ya kaya zitakazobaki wazi, na vijana wawili wapite huko usiku. Maswali?"